Uzi Usioyeyuka

Nimeshona magunia maisha yangu yote. Kahawa, maharagwe, viazi vya Lubero, kakao ya Beni. Kama gunia lilitoka Butembo na mdomo wake ukafika salama, huenda ni mkono huu ulioufunga. Shule niliiacha kabla ya kujua kugawanya, na sioni haya kusema, maana wengi waliomaliza shule walikuja kuniomba kazi, na niliwapa. Nyumba yangu ya Bulengera, ya matofali ya kuchoma na mabati yasiyovuja, imejengwa na sindano moja iliyopinda.

Donc basi, mtu asinifundishe uzi. Kamba ya mkonge inashika vizuri lakini, mais kama tunavyosema huku, inaoza ikilowa. Uzi wa pamba panya wanaupenda kama karanga. Nailoni haiozi, na panya akiionja anaitema. Ubaya wake ni mmoja: fundo lake linateleza. Ukilifunga kama unavyofunga pamba, ukageuka kuvuta gunia lingine, limekwisha kujifungua lenyewe. Nailoni unaifunga, unarudia, unarudia tena, mpaka ikubali.

Mafundo ninayajua. Na kwa sababu ya fundo moja nisilolifunga mimi, sina raha saa za mchana.

Ukoo wetu una sheria: maiti hazikwi na fundo. Sisemi ni desturi ya watu wote wa huku, kila mlima una mambo yake. Nasema ya kwetu. Akifa mtu, nywele zinafumuliwa. Kitenge kinakunjwa na kuchomekwa, hakifungwi. Vifungo vya shati vinaachwa wazi. Rozari inalazwa juu ya kifua, haizungushwi kwenye mkono. Padri mmoja aliwahi kuuliza sababu, shangazi zangu wakamwambia ni joto. Aliangalia nje, mvua ya Butembo inanyesha na watu wamevaa makoti, akakaza koti lake.

Sababu yenyewe alitupa nyanya yetu, mama ya baba. Alisema: mmeona mbuzi aliyekata kamba? Anakimbia na furaha, kipande bado kiko shingoni. Kile kipande kinanasa kwenye kisiki. Kesho unamkuta palepale, anazunguka. Nyumbani hayupo, na kule alikokuwa anakwenda hakufika. Njo vile, ndivyo alivyo maiti mwenye fundo.

Tulikuwa watoto, tulicheka. Alituacha tucheke.

Mke wangu alikuwa na shamba la kakao upande wa Mutwanga, aliloachiwa na baba yake. Nilimwambia aliuze. Wakati ule watu walikuwa wanakimbia vita kule na magodoro kichwani, hakuna aliyekuwa anarudi. Alinijibu kwamba shamba la baba haliuzwi kwa sababu ya woga wa mume. Ndivyo alivyokuwa. Wakati wa mavuno akapanda pikapu, akashuka nayo Mutwanga.

Risasi ilimkuta njiani kati ya shamba na barabara. Ya nani, mpaka leo hakuna aliyetuambia. Kule risasi hazina baba. Watu wema wakamweka juu ya magunia ya kakao, yake mwenyewe, wakamleta mpaka Beni hospitali. Mimi nilishuka na pikipiki, mavumbi mpaka ndani ya masikio, nikamkuta hai.

Kwetu jamaa ya mgonjwa ndiyo inayotafuta vifaa. Infirmier, muuguzi mwenye upara na sauti ya mwimbaji wa kanisani, akanituma kwenye duka la dawa lililoko ng'ambo ya barabara kuleta nyuzi. Nilirudi nazo, vipaketi vyembamba vinavyong'aa kama karatasi ya pipi. Nilikuwa navipapasa njiani. Uzi hauonekani mais kidole kinausikia, umejikunja mle ndani kama mnyoo.

"Ni wa namna gani?" nikamwuliza. "Mbona hazifanane?"

"Hazifanye kazi moja, papa. Hii njo ya matumbo. Itayeyuka yenyewe, mwili unaikula polepole. Zamani walikuwa wanaifanya na utumbo wa kondoo. Hii ingine, nene, ni nailo. Ni ya ukuta wa tumbo, pale kwenye nguvu. Hii haiyeyuke. Na ile nyeusi ni hariri, ya ngozi. Hiyo tutaitosha nje akipona."

"Weka ya nguvu kila pahali."

"Papa," akasema, "hapa si depo ya kakao."

Nilicheka. Mtu aliye mlangoni pa chumba cha kupasulia anacheka na kitu chochote.

Walimshona. Alipoamka, midomo mikavu, kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa maumivu wala watoto.

"Banishona?"

"Banakushona."

"Bizuri kushinda weye?"

"Bado sijaona."

"Ingekuwa weye ungetia fundo sawa ya gunia ya maharagwe. Ningetembea hivi," akainua mkono kidogo kuonyesha mtu aliyebeba tumbo, halafu maumivu yakamkamata, akafunga macho. Yalikuwa yanamtoka machozi na anacheka.

Nilidhani atapona. Mtu anayekutania hafi, nilikuwa nafikiri hivyo. Baadaye homa ikapanda, tumbo likawa gumu kama ngoma, na asubuhi moja, jua limekwisha kutoka, akaniomba nimfungulie kitenge kiunoni, kinambana. Hakikuwa kimefungwa. Kilikuwa kimewekwa juu yake tu. Nikamwambia, "Nimefungua." Akasema, "Hapana. Bado." Akakata roho.

Haya maneno mawili sikumwambia mtu kwa muda mrefu.

Tulimpandisha Butembo mchana uleule, maana ile barabara hutaki ikukute jioni. Dada yangu mkubwa, ambaye sisi wote tunamwita yaya, hata wajukuu, alikuwa amekwisha kuchemsha maji. Yeye ndiye anayeosha wafu wa ukoo wetu. Mume haingii wanapoosha. Nilikuwa uani na wanaume niliposikia ananiita kutoka ndani.

"Weye! Kuya hapa."

Nikaingia. Nywele alikuwa amekwisha kuzifumua, zimesimama pande zote, na uso wa mke wangu ulikuwa kama wa msichana aliyetoka kulala. Yaya alikuwa amefunua tumbo. Mstari wa uzi mweusi ulikuwa unashuka kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Kila hatua fundo, na ncha zake zimesimama kama miguu ya mdudu.

"Haya yote ni mafundo," yaya akasema.

"Ni ya ngozi. Inatoka."

"Toa."

"Miye?"

"Nani anajua kufungua magunia hapa, miye?"

Nilichukua wembe. Nilikata fundo baada ya fundo, nikavuta. Uzi wa hariri unatoka vizuri, haung'ang'anii. Ngozi haikutoa damu. Nilizikusanya kwenye kiganja, yaya akazitupa kwenye makaa, zikanuka kama nywele zilizoungua. Nilifikiri tumemaliza. Yaya akaweka kiganja chake juu ya tumbo, akabonyeza polepole, kama vile unavyopima gunia kama lina unyevu.

"Ndani kuko nini?"

Sijui kudanganya dada yangu. Nikamwambia kuna uzi wa matumbo, ule unayeyuka.

"Unayeyushwa na nini?"

"Na mwili. Mwili unaula."

Akaniangalia. Mimi pia nilikuwa nimesikia nilichokisema. Mwili uliokufa unakula nini?

"Kisha?"

"Kisha kuko nailo ya ukuta. Ile haiyeyuke."

Yaya alikaa chini. Ni mwanamke aliyezika wazazi wetu wawili na watoto wake mwenyewe, na sijawahi kumwona akikaa chini kabla ya kazi kwisha. Akasema tufungue. Binti yetu mkubwa alikuwa mlangoni na ndoo, akasikia. Akaangusha ile ndoo, akamgeukia shangazi yake.

"Mama hapasuliwe mara ya pili! Tantine, hapana! Bamempiga risasi, bamempasua, sasa na sisi?"

"Atanasa," yaya akasema. "Unataka mama yako anase?"

"Mama ni Mukristu, anase wapi?"

Waliniangalia mimi, wote wawili. Nilimtazama mke wangu, nikakumbuka alivyofunga macho kwa maumivu na anacheka. Nikasema asiguswe tena. Tukamzika vile pale Bulengera, kitenge kimechomekwa, rozari juu ya kifua, nywele wazi. Na fundo la nailoni ndani.

Sasa niseme jambo ambalo watu hawapendi kusikia kwa mzee anayejiheshimu. Sinywi pombe. Usiku nalala kama jiwe. Mais saa za mchana, jua likiwa juu kabisa na mabati yanalia kwa joto, wabebaji wamekwenda kula, mimi niko peke yangu katika depo, ghala langu la magunia, yeye anakuja.

Anaanza na harufu. Kakao iliyofunikwa na majani ya migomba, ile harufu chachu, siku ambayo depo ina maharagwe peke yake. Halafu naona miguu yake mlangoni. Haingii. Anafika kwenye kizingiti na anasimama ghafla, kama mtu anayeshikwa kutoka nyuma. Anarudi kidogo, anajaribu tena, anasimama palepale. Nywele wazi. Mkono mmoja juu ya tumbo. Hasemi, hanilaumu, hata haniangalii sana. Anaangalia magunia. Wabebaji wakirudi na kelele zao, pale mlangoni kuna jua tu.

Nilimlipia misa. Nilihamisha mlango wa depo, nikaufungua upande wa barabara. Akaja kwa mlango mpya.

Nilizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Mpaka ngiri ikanishika.

Ngiri, au henia kama wanavyosema hospitalini, ni ugonjwa wa wabeba mizigo. Ukuta wa tumbo unachoka hapa kwenye kinena, na utumbo unachungulia nje kama mtu wa umbea. Yangu niliificha kwa kitambaa nilichokaza kiunoni. Haikufichika. Vijana wa pikipiki wa pale njia panda walikuwa wananingoja kila asubuhi.

"Mzee, hiyo avokado imekomaa! Unaiuza bei gani?"

"Panda polepole, isipasuke ikachafua siti yangu!"

"Nilikuwa nabeba magunia," nikawajibu, "wakati baba zenu wanabebwa mgongoni. Washa pikipiki twende."

Mais nilipopanda, mguu ulikataa kupita juu ya siti, na yule kijana aliacha kucheka, akauinua yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Siku ile nilienda hospitali.

Docteur alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu wa mwisho, mtu wa Lubero kwa kusikia anavyotamka. Alinipima, akasema lazima anipasue, na isichelewe, maana utumbo ukibanwa pale ukashindwa kurudi, unakufa na mimi naufuata.

"Pasua," nikasema. "Mais ushone na uzi wa kuyeyuka. Peke yake."

"Juu ya nini, papa? Sababu iko gani?"

"Juu nimesema."

Hakukasirika. Alivuta kiti. "Ngozi nitaishona na ya kuyeyuka kama unapenda. Ukuta, hapana. Ukuta wa tumbo unapona polepole sana. Uzi wa kuyeyuka utalegea kabla ukuta haujashika, na henia itarudi, na ya kurudi ni mbaya kushinda ya kwanza. Pale natia nailo. Inabaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho. Hata baada ya mwisho."

Alisema vile kama mzaha. Aliona uso wangu, akaacha.

Nikamwuliza kitu nilichokuwa nimekibeba muda wote ule. Ule uzi wa kuyeyuka, ukiwa ndani ya maiti, unafanya nini? Sikumwambia maiti gani. Nadhani alielewa, watu wa huku kila mtu ana maiti wake. Alifikiri kwanza. Akaniambia ule wa zamani, wa utumbo wa kondoo, unaliwa na mwili au unaoza kama nyama. Ule wa sasa hauhitaji hata mwili, maji tu yanauvunja, polepole.

"Hata maji ya udongo?"

"Hata ya udongo, nafikiri. Maji ni maji."

Nilifikiri mvua ya Bulengera, ambayo haikosi. Nikaona ule uzi wa matumbo unalegea, unakwisha, umekwisha. Nilikuwa karibu kulia mbele ya mtoto. Mais nikauliza na ya pili.

"Na nailo?"

"Nailo itakuwa pale wakati mifupa imekuwa vumbi, papa." Akachukua kipaketi kutoka mezani, akakipasua, akautoa uzi. Wa buluu, mwembamba. Aliuvuta ukanyooka, akauachia, nao ukajikunja upya vilevile ulivyokuwa umelala kwenye paketi. "Unaona? Tunasema hii nyuzi iko na mémoire. Inakumbuka vile ilikunjwa. Njo maana fundo yake inateleza, lazima kurudilia."

"Najua," nikasema. "Nailo najua."

Nikafunga kitambaa changu, nikaondoka. Alinifuata mpaka barazani akiniambia nisichelewe.

Yaya nilimkuta anachambua maharagwe. Nilipomwambia, akatema mate pembeni.

"Hapana. Weye pia? Mwenye kukuosha ni miye. Unataka nikushike tumbo nikute kigingi?"

"Utumbo ukibanwa nitakufa."

"Utakufa vizuri. Bila fundo. Utafika."

"Nitafika kwa nani?"

Mkono wake ukabaki ndani ya maharagwe. Kule kwenye kufika kuna baba yetu na mama yetu, nyanya yetu na mbuzi wake, wazee wote wenye mashati wazi. Mke wangu hayuko kule. Yuko kwenye kizingiti cha depo, anazunguka. Hilo yaya alilijua kabla yangu, siku ile aliyokaa chini.

"Siku zote uko na kichwa ya nguruwe," akasema mwishowe, na akaendelea kuchambua. Machozi yake yalidondoka kwenye maharagwe, hakuyafuta.

Nilirudi kwa docteur. Walinichoma sindano mgongoni, nikafa kuanzia kiunoni kwenda chini, mais masikio yalikuwa mazima. Nilisikia makasi, nikasikia wanaongea juu ya bei ya samaki. Baadaye docteur akaomba nailo, nikaijua kwa sauti ya paketi ikipasuka.

"Docteur," nikasema kutoka nyuma ya kitambaa.

"Papa, usitetemeke."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Rudilia."

"Nimerudilia, papa."

"Rudilia tena. Itateleza."

Nikamsikia anacheka ndani ya barakoa. "Nimerudilia tena. Hii haiachiye."

"Vizuri. Vuta."

Akavuta. Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwa tu, kutoka mbali, kama mbuzi anavyosikia kamba imefika mwisho.

Kidonda kimepona. Ngozi imefunga, uzi wake umekwisha kama alivyoniahidi, na vijana wa njia panda wametafuta mzee mwingine wa kumcheka. Magunia sibebi tena, mais nashona. Nikikaa chini nikabonyeza hapa kwenye kinena, naliona kwa kidole: fundo, dogo kama punje ya mchele, gumu. Halitembei.

Siku ya kwanza niliporudi depo, wabebaji walikwenda kula kama kawaida. Mabati yakaanza kulia. Harufu ya kakao ikaja. Nikaona miguu yake kwenye kizingiti, ikasimama, ikarudi, ikajaribu tena. Nikaweka sindano chini. Nikaweka mkono wangu kwenye kinena, pale penye fundo, na yeye mkono wake ulikuwa kwenye tumbo lake.

"Banishona na miye," nikamwambia.

Hajawahi kuniangalia vile tangu Beni. Halafu akakaa. Hakuvuka kizingiti, alikaa palepale juu yake, kama mtu aliyesikia kwamba gari bado iko mbali na hakuna haja ya kusimama. Aligeuza mgongo, akawa anatazama barabara. Wabebaji waliporudi walikuta nashona, na mmoja akauliza nani alimwaga kakao mlangoni.

Yaya nimemwagiza. Akinifumulia nywele, zilizobaki, afumue. Vifungo aache wazi. Na mkono wake ukifika kwenye kinena na kukuta kigingi, apite.